Mlima Mmoja na Kiwele cha Makena

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Nimepata kazi! Kazi ya maana, si kupiga video za arusi. Chama cha ushirika cha wafugaji kinataka tangazo la maziwa lala yao mapya, yale ya mgando. Litaonyeshwa Alhamisi ya wiki ijayo kwenye mkutano mkuu, kabla watu hawajaenda Pasaka. Wanachama wakilipenda, video zote za chama ni zangu kuanzia hapo.

Wasipolipenda, Wawira ameshasema. Mke wangu hapigi kelele. Heri angepiga kelele, ningejua pa kujitetea. Aliendelea kushona sare za shule akaniambia polepole kwamba amechoka kubanana na kompyuta zangu ndani ya chumba kimoja hapa Kinoru, Meru. Kwamba kaka yake Nyamu bado ameniwekea nafasi kwenye agroveti yake Runyenjes. Kwamba mkutano ukipita bila kazi, tunarudi Embu.

Agroveti! Nikauze dawa ya kupe! Mimi Ndwiga, niliyejifunza efekti za sinema mtandaoni nikapewa cheti! Cheti kiko ukutani. Nyamu anasema ati hata yeye anacho cha minyoo.

Lennox wa chumba cha pili alisikia habari akaja kunipongeza. Unafiki mtupu. Huyu jamaa alifanya kazi ya matangazo Nairobi muda wa mtu kupona malaria, na tangu arudi kila neno linaanza na "sisi kule Nairobi". Ana droni. Anaitembeza kwapani hata akienda kununua mkate.

Jumatano, 9 Aprili

Siku ya kupiga picha. Tulienda nyumbani kwa Mwenyekiti Muthamia, kando tu ya ukumbi wa chama. Mpango ulikuwa rahisi: mkewe anamimina maziwa, ng'ombe anapita, mlima unaonekana nyuma. Mlima gani! Aprili hii! Mawingu yamekaa pale utafikiri yamelipa kodi.

Mwenyekiti alianza kununa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mlima nitauweka mwenyewe kwa kompyuta. Akaniangalia kwa heshima ambayo sijaiona tangu nije Meru. Nilijisikia vizuri sana, sitaki kudanganya.

Halafu akanivuta nyuma ya ghala la mahindi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kompyuta yangu inaweza pia kumsaidia Makena. Makena ndiye ng'ombe wake. Mnyama mzuri, ana macho mazuri, lakini kiwele chake kimejificha. Mwenyekiti alisema ni aibu kiongozi wa wafugaji aonekane na kiwele kama kile. Akasema niongeze kidogo tu. Kidogo, alisisitiza. Nikamwambia hiyo ni kazi ya kikombe kimoja cha chai.

Nikatoka pale nimepiga hesabu zangu. Siri ya Mwenyekiti ninayo mfukoni. Mtu atanyimaje kazi yule anayejua kiwele cha ng'ombe wake?

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeshinda kwenye laptopu. Mlima haukunisumbua hata kidogo. Ninayo picha moja safi niliyoipiga Krismasi nikiwa uani kwa mama yangu Runyenjes. Nikaukata, nikaupachika nyuma ya mke wa Mwenyekiti, nikalainisha kingo. Ukakaa pale kama umezaliwa pale.

Kiwele ndicho kilinitoa jasho. Ng'ombe akitembea, lazima kiwele kitembee naye, fremu kwa fremu. Nikikifunga mbele, kinamtangulia ng'ombe. Nikikifunga nyuma, kinabaki kinamfuata. Mwishowe nikakubali kichelewe kidogo. Nani ataangalia?

Nilimtumia Mwenyekiti kwa simu. Akajibu niongeze. Nikaongeza. Akajibu niongeze tena, simu yake ni ndogo haoni vizuri. Nikaongeza tena. Akanitumia mikono ya kupiga makofi.

Ijumaa, 11 Aprili

Ghai! Leo nilionyesha kamati tangazo kwenye laptopu. Walikuwa wamekaa vizuri, wanakunywa chai, wanatabasamu. Kisha Mwalimu Mutugi akaweka kikombe chini.

Mutugi ni mwanakamati. Alifundisha jiografia mpaka akastaafu, na hajui kwamba amestaafu. Alivaa miwani, akasogea, akauliza mlima huo ni upi. Nikasema ni Mlima Kenya, mwalimu. Akasema anajua ni Mlima Kenya. Anauliza ni upande upi. Kwa sababu yeye ameamka miaka yote akiangalia Kirimaara, kama Wameru wanavyouita mlima, na vilele haviko hivyo. Hivyo ndivyo vinavyoonekana ukiwa Embu.

Chai ikasimama. Wote wakainama kwenye laptopu. Wakaanza kusema kweli, kweli kabisa, huo ni wa Embu! Mmoja akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Runyenjes. Mungu wangu! Ungedhani nimekamatwa usiku na mbuzi wa mtu. Wakasema ati kijana wa Embu anataka kuuza maziwa ya Meru na mlima wa kwao.

Nikasema mlima ni mmoja tu, jamani. Mutugi akasema hata yeye ni mmoja tu, lakini kwenye kitambulisho hawakubandika picha ya kisogo chake.

Wakacheka mpaka wakafuta macho. Kiwele hakuna aliyekitaja. Nimeambiwa niweke mlima wa Meru ama niache.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijashindwa. Mtandaoni kuna milima tele. Leo asubuhi nimepata mmoja wa ajabu: vilele vimechongoka, na nyuma yake jua linachomoza, dhahabu tupu. Hata Wawira aliacha cherehani akaja kuangalia. Alisema ni mzuri. Halafu akauliza kama nina uhakika. Kwa nini huyu mwanamke huuliza kama nina uhakika?

Nikautuma kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Kimya. Nikajua nimewamaliza. Kisha ikaingia sauti ya Mwalimu Mutugi. Ndefu! Nilipika chai na nikainywa ikiwa bado inaendelea.

Kwa ufupi, anasema ni nani hapa Meru amewahi kuona jua likitoka mlimani. Hapa jua huenda kulala huko. Aliye na bahati ya kuona jua likichomoka nyuma ya mlima ni mtu wa Nanyuki. Kwa hivyo, kwa jiografia ya Ndwiga, ama chama kimehamia Nanyuki, ama mke wa Mwenyekiti anamimina maziwa jioni na tangazo linasema "Anza siku yako".

Watu kumi na zaidi wakaweka vicheko. Hata mke wa Mwenyekiti, ambaye sikujua yumo kwenye kundi.

Nimekasirika mpaka kichwa kinauma. Mlima umekaa pale pale tangu Adamu, na bado mtu anaweza kuukosea!

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Kanisani wote walipunga matawi, mimi nikapunga nikiomba mawingu yafunguke. Mchungaji alihubiri kuhusu watu walioshangilia siku moja na kugeuka siku nyingine. Sikuona inanihusu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilipata wazo nikioga. Mlima wa Embu ukiugeuza kama kwenye kioo, kushoto kuwe kulia, si utakuwa umeonekana kutoka upande wa pili? Meru ni upande wa pili! Nikaugeuza. Nikafurahi peke yangu.

Wawira akaangalia. Akasema anaona mlima wa kwao umevaa shati nje ndani. Wawira ni wa Runyenjes pia, macho yake hayadanganyiki. Nikafuta. Siku nzima imekwenda bure.

Jioni Lennox akapita mlangoni, droni kwapani. Akaniambia, ati kwa moyo mzuri, kwamba Mwalimu Mutugi amempigia simu. Ikiwa kufikia Jumatano mlima wangu bado ni wa watu wengine, yeye Lennox ataonyesha kitu kidogo alichonacho. Akasema sisi kule Nairobi tulikuwa tunaenda mahali penyewe.

Mahali penyewe! Nyoka huyu! Wawira alikuwa ametoa sanduku chini ya kitanda. Alisema anapanguza vumbi tu. Sikula chakula vizuri.

Jumanne, 15 Aprili

Nitaandika polepole, kwa furaha niliyonayo sitaki kuruka kitu.

Nilitoka alfajiri na kamera mpaka Kaaga, mahali palipoinuka nyuma ya shule. Baridi ya kukata masikio. Na nani ninamkuta? Lennox. Amevaa koti la kijeshi, amekaa juu ya jiwe, droni miguuni. Hatukusalimiana. Tulikaa pale tukitazama wingu moja nene kama watu wawili wanaosubiri kliniki ifunguliwe.

Lennox akakosa subira. Akasema mlima uko juu ya wingu, kwa hivyo atapita juu ya wingu. Akairusha. Ikapanda, ikapanda, ikaingia kwenye weupe. Halafu akaanza kubonyeza bonyeza. Akabonyeza kwa nguvu. Akaanza kuita jina la mama yake. Tukasikia kitu kikianguka juu ya mabati ya bwalo la shule, ghubu! Na wanafunzi wa timu ya mpira, waliobaki shuleni likizo hii, wakashangilia.

Akakimbia. Na hapo hapo, wallahi sisemi uongo, wingu likafunguka. Kirimaara! Mlima mzima! Vilele vimepakwa jua la asubuhi, theluji kidogo pembeni, weusi wa mwamba chini. Nikapiga picha, nikapiga video, nikapiga tena. Nililia kidogo. Mlima ule ni mzuri jamani, kila upande una uzuri wake, lakini ule wa leo ulikuwa wangu.

Nikiteremka nikamwona Lennox kwenye geti akibembeleza bawabu. Bawabu alisema mali iliyoanguka ndani ya shule hutolewa na mkuu wa shule, na mkuu ameenda semina. Nilimpungia mkono.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeupachika mlima. Umekubali. Sasa ni kurenda, yaani laptopu iipike video mpaka iive. Ilifika karibu na mwisho stima zikapotea. Nikaanza upya. Stima zikapotea. Nikaanza upya kwa jenereta ya kinyozi wa chini, wateja wake wakalalamika mashine imekosa nguvu na mmoja akaondoka amenyolewa nusu. Imeiva!

Nikiitazama mara ya mwisho nikakumbuka kiwele. Nikafikiri, je, nikipunguze? Lakini kurenda tena? Kwa stima gani? Na Mwenyekiti alikipigia makofi. Nikafunga laptopu.

Nilimwambia Wawira arudishe sanduku. Akasema atalirudisha kesho baada ya mkutano.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitasema yote kama yalivyotokea.

Ukumbi ulijaa. Wafugaji wamevaa makoti, akina mama wamefunga vilemba, soda na mkate vimepangwa. Wawira alikuja, akakaa nyuma amevaa lile gauni lake la buluu. Chama kilikuwa kimekodi skrini kubwa, ukuta mzima. Sijawahi kuona kazi yangu ikiwa kubwa hivyo.

Mlima ukatokea. Kisha Mwalimu Mutugi akasimama, akavua kofia, akasema huo sasa ndio Kirimaara. Watu wakapiga makofi! Mama mmoja akapiga vigelegele! Nikageuka nikamwona Wawira anacheka, meno yote nje, na anapiga makofi kuliko wote. Kama ningekufa pale ningekufa nimeshiba.

Makena akapita.

Kwenye simu kilikuwa kiwele. Kwenye ukuta ule kilikuwa nyumba. Makena alichukua hatua, nacho kikafikiri kwanza, ndipo kikafuata. Hakuna aliyecheka. Wafugaji hawakuona kompyuta. Waliona maziwa. Mama mmoja wa mbele akasema kwa sauti, muone kilivyo kizito mpaka kinachelewa!

Wakaomba irudishwe. Ikarudishwa. Wakaomba isimamishwe hapo hapo. Ikasimamishwa. Hakuna tena aliyejali maziwa lala. Maswali yakaanza. Huyo ni ng'ombe wa nani? Wa Mwenyekiti. Alipandishwa na fahali gani? Anakula nini? Mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo kwamba anakula majani ya nepia, kama wa kila mtu. Hapo ndipo alipojimaliza. Wakamwuliza mbona wao pia wanalisha nepia, pamoja na chakula cha gunia kutoka stoo ya chama, na viwele vyao haviko hivyo? Kuna chakula kingine kinachoishia kwa viongozi? Kuna daktari anayepita kwa Mwenyekiti peke yake?

Mwenyekiti akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

Kisha mtu akapaza sauti kwamba kwa Muthamia ni hapa tu. Twendeni tukamwone! Na wakaenda! Mkutano mzima, wengine na soda mkononi. Nilibebwa na watu kama takataka kwenye mto.

Makena alikuwa zizini anatafuna. Macho mazuri. Kiwele chake kimejificha vile vile. Wafugaji wakazunguka, wakainama, wakaangalia kulia na kushoto utafikiri kingine kimefichwa nyuma. Mwenyekiti akasema ati amekamuliwa sasa hivi. Wakaomba kuona ndoo. Ndoo ilikuwa imeanikwa juu ya kigingi, kavu, na buibui ndani.

Basi akaninyooshea kidole. Akasema ni huyu kijana wa Embu! Yeye Mwenyekiti aliomba mlima tu!

Nikasema aliniomba pia kiwele. Akasema aliomba kidogo. Nikasema alisema niongeze. Akasema simu yake ni ndogo. Tukajibizana hivyo mbele ya watu, na Makena akitutazama. Nilitafuta uso wa Wawira nikampata kwenye uzio. Hakuwa na hasira. Afadhali hasira. Alikuwa amechoka tu, akageuka akaanza kwenda nyumbani.

Jumamosi, 19 Aprili

Muthamia si mwenyekiti tena. Walipiga kura pale pale zizini kwa kuinua mikono. Mwalimu Mutugi ndiye mwenyekiti. Kazi amepewa Lennox, ambaye hata droni yake bado haijatoka kwa mkuu wa shule.

Mutugi alinipigia. Kwa upole, ambao ulinichoma zaidi. Alisema mlima wangu ni mzuri mno, chama kitabaki nao, Lennox atautumia. Mlima wangu! Ulionigandisha masikio! Nikamwambia hawezi. Akasema mlima ni mmoja tu, si nilisema mwenyewe?

Wawira amefungasha cherehani. Nilimwambia pole. Nilimaanisha. Akasema kwa sekunde chache pale ukumbini alijivunia mimi sana, na hizo hakuna wa kumnyang'anya. Nikafungasha cheti.

Jumanne, 29 Aprili

Runyenjes. Siku ya nne nyuma ya kaunta. Dawa ya kupe, dawa ya minyoo, chumvi ya ng'ombe. Shemeji Nyamu ananiheshimu mbele ya wateja, lazima niseme hivyo. Wawira amepata kona yake ya kushonea mbele ya duka, peke yake, na jana nilimsikia anaimba. Nimeapa kuwa mtu mpya. Efekti nimeachana nazo.

Leo shemeji alikuwa na ombi dogo. Jumamosi amealika wafugaji wote wa hapa kuwauzia chakula kipya cha ng'ombe. Ametia kila alichonacho kwenye ile shehena, stoo imejaa mpaka mlangoni. Anataka kavideo kafupi, yeye ameshika gunia kando ya ng'ombe wake, basi. Alisema nipige kwa simu tu. Nikamwambia aniachie mimi.

Nimepiga. Shemeji ametokea vizuri. Ng'ombe wake ndiye mwembamba kidogo, na mtu anayeuza chakula cha ng'ombe hawezi kuonekana na ng'ombe mwembamba. Lakini kiwele ninacho tayari kwenye laptopu, kimekamilika. Safari hii nitakiweka kidogo.

Nyuma kumebaki patupu, mawingu yamefunika kila kitu. Si neno. Ninayo picha ya mlima, safi kabisa, niliipiga mwenyewe kule Kaaga, Meru. Nimeshaipachika. Wawira amepita, ametazama, ameuliza kama nina uhakika.

Nimemwambia atulie. Mlima ni mmoja tu.